Si Kila Kinachowasha ni Fangasi

Ndugu zangu, wazazi wangu, vijana, na wahudumu wenzangu wa afya, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze juu ya maradhi ya kawaida ya ngozi na ya miguu, pamoja na majina yake ya kitabibu. Majina hayo ni mengi mno. Nikianza kuyasoma moja moja mtasinzia kabla sijafika katikati. Nitayagusa yale yenye kazi tu, na yote nitayafungamanisha na jambo moja: kwenye ngozi, anayekosea jina hukosea dawa. Na jina linalokosewa kuliko yote ni fangasi.

Watu wamelibebesha neno hili kila kitu. Vidole vikiwasha, fangasi. Kisigino kikipasuka, fangasi. Mtoto akitoka mabaka nyuma ya magoti, fangasi. Ukucha ukiwa mweusi baada ya kubanwa na mlango, huo nao ni fangasi. Kisha hununuliwa tyubu ya krimu, ikiisha hununuliwa nyingine inayosemwa ina nguvu zaidi, na mgonjwa anapofika kwa mtaalamu ngozi imeshapakwa vitu vingi hata ugonjwa wenyewe hauonekani sawasawa. Wengi wa hao hawana fangasi hata kidogo. Na miongoni mwa wale walio nao, wapo waliokuwa wakipaka kitu kinachowanenepesha fangasi badala ya kuwaua. Hilo nitalirudia.

Tuanze na namna majina yanavyoundwa, maana ukivijua vipande vyake urefu haukutishi tena. Kwa Kigiriki, derma ni ngozi. Kiishio -itisi hueleza hali ya kuvimba, kupata joto, kuuma au kuwasha. Ukiviunganisha unapata dematitisi. Sasa tazameni: mtu anakwenda kwa daktari, anasema ngozi imevimba na inawasha, anaandikiwa "dematitisi", anarudi nyumbani ameridhika kwamba ugonjwa umejulikana. Amerudishiwa maneno yake mwenyewe kwa Kigiriki! Si kosa la daktari. Nao wanahitaji lugha ya kuandikiana. Lakini jina la aina hiyo bado halijataja chanzo. Habari iko kwenye neno linalofuata. Dematitisi ya mguso huletwa na kitu kilichogusa ngozi, kama vile nikeli kwenye kifungo cha mkanda, mpira, gundi, au kemikali za kromiamu zinazotumika kusindika ngozi ya viatu. Dematitisi ya atopia ndiyo ile inayotembea katika familia zenye pumu na mafua ya mzio. Kwa hiyo mkipewa jina, msiondoke. Ulizeni: hii imesababishwa na nini?

Vipande vingine ni vichache. Oniko- ni ukucha, miko- ni fangasi, kiishio -osisi ni hali au ugonjwa. Onikomikosisi basi ni ugonjwa wa fangasi wa kucha. Kerato- hurejelea keratini, protini ngumu iliyomo kwenye kucha, nywele na tabaka la juu la ngozi. Haipa- ni kupita kiasi. Haipakeratosisi ni ngozi iliyokuwa ngumu na nene kupita kiasi, nasi tuna neno letu la siku zote: sugu.

Madaktari wana pia istilahi za umbo la kinachoonekana. Makula ni baka lisiloinuka. Papula ni kipele kigumu. Vesikula ni lengelenge dogo, bula ni lengelenge kubwa, pustula ni kipele chenye usaha. Hizi sina haja mzikariri, kwa sababu Kiswahili kinazitofautisha vizuri tu, mradi mtu akitumie. Tatizo ni mgonjwa anayesema "nimetoka vitu". Vitu gani? Ukisema ni malengelenge yenye maji, yalianza upande mmoja wa kiuno na yanachoma kama moto, mtaalamu ameshafikiria mkanda wa jeshi kabla hujavua shati.

Na hapa niseme neno kuhusu rangi. Vitabu vingi vya ngozi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Istilahi yao erithema maana yake ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo. Huwa ni zambarau, kijivu au weusi uliokolea kuliko ngozi ya jirani. Mama akiambiwa "ukiona wekundu rudi", anaweza kusubiri asiuone, na ngozi ya mtoto ikawa imeshaambukizwa. Kwa ngozi yetu mkono una kazi kuliko jicho: gusa uone kama pana joto, kama pamevimba, kama panauma, kisha linganisha na upande wa pili.

Sasa fangasi wenyewe. Wale wa kawaida huitwa dematofaiti, na chakula chao ni keratini. Ugonjwa wanaouleta huitwa tinea, kisha huongezwa jina la mahali kwa Kilatini. Tinea corporis ni ya mwili, ndiyo choa, ile duara yenye ukingo ulioinuka na katikati palipoanza kupona. Tinea capitis ni ya kichwa, mapunye ya watoto. Tinea cruris ni ya mapajani. Tinea pedis ni ya miguu, na hii huja na sura zaidi ya moja. Inayojulikana ni ile ya katikati ya vidole, hasa kati ya kidole cha mwisho na jirani yake, ambako ngozi hugeuka nyeupe, hulainika na kuchubuka. Nyingine haiwashi sana: unyayo mzima unakuwa mkavu wenye ungaunga, hadi ubavuni mwa mguu, na mwenyewe anadhani ni ukavu tu. Wakati mwingine nyayo zote mbili na kiganja kimoja huwa hivyo, na hapo mtaalamu hana shaka nyingi.

Kwa fangasi wa ngozi, krimu kama klotrimazoli au tabinafini hufanya kazi vizuri. Kinachoharibu ni haraka. Mwasho hukoma ndani ya siku chache, mtu akaacha dawa, na fangasi waliobaki wakaanza upya. Klotrimazoli miguuni hupakwa kwa takriban wiki nne, na hupakwa kupita ukingo wa baka, kwa sababu fangasi wako mbele ya pale jicho linapoona. Kausha katikati ya vidole baada ya kuoga. Ni ushauri usio na mvuto, najua, lakini bila huo tyubu haitoshi.

Mapunye ni habari nyingine. Fangasi wameingia ndani ya unywele na shina lake, ambako krimu haifiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au tabinafini, kwa wiki kadhaa. Kumpaka kichwani miezi mitatu ni kumchosha mtoto bure. Kucha nazo zina subira yake. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huota chini ya milimita mbili kwa mwezi, hivyo huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kujibadilisha wote. Tabinafini ya kumeza hutumiwa kwa kawaida wiki kumi na mbili kwa kucha za miguu, lakini ukimaliza dozi ukucha bado utakuwa mbaya. Unatazama kama sehemu mpya inayotoka chini ni safi. Na kabla ya kumeza dawa hiyo, ambayo daktari huangalia pia hali ya ini, hakikisheni ni fangasi kweli. Kati ya kucha zilizoharibika, takriban nusu tu ndizo zenye fangasi. Zilizobaki ni za viatu vinavyobana, majeraha ya zamani, soriasisi (ugonjwa wa magamba ya ngozi) au uzee. Kipimo ni rahisi: hukwanguliwa magamba kidogo, hudondoshewa potasiamu haidroksaidi inayoyeyusha keratini, kisha nyuzi za fangasi hutafutwa kwa darubini.

Nilisema nitarudi kwenye dawa inayowanenepesha fangasi. Ni krimu zenye steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, zikiwa peke yake au zimechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja ya "kutibu kila kitu". Steroidi hutuliza kinga ya mwili pale ilipopakwa. Mwasho unakwisha siku ileile, mgonjwa anamsifia muuzaji, na fangasi wanasambaa bila kupingwa. Duara inapoteza ukingo wake, baka linapanuka, na hata daktari anaweza asilitambue. Mwaka 1968 hali hiyo ilipewa jina tinea incognito, yaani tinea iliyojificha. Mimi ningependa kila anayeuza krimu hizo alijue jina hilo. Steroidi si adui. Kwa ukurutu ni dawa nzuri sana ikitumiwa kwa kipimo na kwa muda uliopangwa. Ikikaa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi isiyofutika, na usoni huleta vipele.

Huo ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi na vitabu huuita ekzema, ndio unaochanganywa na fangasi mara nyingi kwa watoto. Hukaa kwenye mikunjo, ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, pande zote mbili. Hauambukizi. Msingi wa tiba yake ni kuilainisha ngozi kila siku kwa mafuta mazito yasiyo na manukato, hata siku ambazo mtoto hana mwasho. Soriasisi nayo haiambukizi. Ni kinga ya mwili inayoharakisha kuzaliwa kwa ngozi; badala ya kujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja, ngozi hujibadilisha kwa siku chache, na ziada inarundikana kama magamba meupe kwenye viwiko, magoti, kichwa na nyayo. Nimewaona watu wakitengewa taulo na hata kitanda kwa ugonjwa usioambukiza, huku mwenye upele akilala na wadogo zake watatu.

Upele ninaousema ni ule wa skabisi. Kisababishi chake ni utitiri aitwaye Sarcoptes scabiei, mdogo chini ya nusu milimita, anayechimba handaki kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga humo. Alielezwa tangu mwaka 1687 na Giovanni Cosimo Bonomo wa Italia, aliyemtazama kwa darubini, lakini waganga walichukua zaidi ya karne moja kukubali kwamba kiumbe mdogo vile anaweza kuleta ugonjwa. Mwasho wake huzidi usiku, na hupenda katikati ya vidole vya mikono, vifundo vya mikono, kiuno na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga hata nyayo. Kwa anayeupata mara ya kwanza, mwasho huanza wiki nne hadi sita baada ya kuambukizwa. Hapo ndipo familia nyingi zinaposhindwa: anatibiwa anayejikuna, wengine wanaachwa kwa kuwa "hawana kitu", naye anaambukizwa tena. Permethrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, ikalala na mtu usiku kucha, ikarudiwa baada ya wiki moja, na wote wanaoishi pamoja wapake siku moja hata kama hawajikuni. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, au yafungwe kwenye mfuko siku tatu au zaidi. Mwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne baada ya utitiri kufa. Hiyo haina maana kwamba dawa imeshindwa, basi msijimwagie tena na tena.

Tushuke miguuni. Mguu mmoja una mifupa 26 na unabeba mwili mzima, kwa hiyo matatizo yake mengi ni ya mgandamizo, hayana kiumbe chochote. Sugu ni ngozi inayojikinga dhidi ya msuguano. Ikiwa na kiini kigumu kinachochoma ndani, madaktari huiita klavusi. Ukiiondoa bila kubadilisha kiatu, itarudi. Chunjua ya unyayo, verruka, hufanana nayo lakini huletwa na virusi viitwavyo papiloma. Kuzitofautisha hakuhitaji mashine. Sugu huuma ukiibonyeza kwa juu. Chunjua huuma zaidi ukiiminya kwa pembeni. Michoro ya ngozi hupita juu ya sugu, lakini huikwepa chunjua. Ukikwangua kidogo, chunjua huonyesha vidoti vyeusi vingi, ambavyo ni mishipa midogo ya damu iliyoganda. Kidoti kimoja cheusi katikati ya uvimbe mweupe, pembeni mwa ukucha, ni jambo jingine: huenda ni funza, Tunga penetrans, ambaye huingia akiwa na milimita moja tu kisha akajaa mayai mpaka kufikia sentimita nzima.

Magaga ya visigino hutokana na ukavu. Unyayo hauna tezi za mafuta, una za jasho tu, hivyo ukikauka hauna cha kujilainishia, na ngozi nene hupasuka kila uzito unapoikandamiza. Krimu yenye urea hufaa kuliko mafuta ya kawaida kwa kuwa huvuta maji na kulainisha keratini. Paka miguu ikiwa bado na unyevu, vaa soksi ulale. Wembe, hapana.

Miguu inayonuka sana, yenye vishimo vidogo kwenye unyayo hasa ikilowa, nayo huitwa fangasi. Ni bakteria wanaokula tabaka la juu la ngozi, na hutibiwa kwa dawa ya bakteria ya kupaka pamoja na kupunguza jasho. Na kidole kinachovimba pembeni mwa ukucha kwa usaha, kile tunachosema kimeingiwa na mdudu, kitabibu ni paronikia. Humo hakuna mdudu wa kutafutwa kwa sindano, kuna bakteria.

Maumivu ya kisigino yanayochoma kwa hatua za kwanza asubuhi kisha yakapungua ukitembea ni ya utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Jina lake ni fashaitisi ya unyayo. Wataalamu wengi siku hizi wangependa kiishio -osisi badala ya -itisi, kwa sababu utando huo ukichunguzwa huonyesha zaidi kuchakaa kuliko kuvimba, na tiba kubwa basi ni kunyoosha misuli na kuvaa kiatu chenye soli nzuri. Ule "mwiba wa mfupa" unaoonekana kwenye eksirei wanao pia watu wengi wasioumwa, kwa hiyo usimlazimishe daktari aukate. Kidole gumba kinachovimba ghafla usiku, kikawa na joto, hata shuka likikigusa unalia, hiyo ni jongo: fuwele za asidi ya yuriki ndani ya kiungo. Antibiotiki haisaidii kitu hapo.

Nimesema sana juu ya kinachowasha na kinachouma. Ninachokiogopa zaidi ni kile kisichofanya lolote kati ya hayo. Baka lililopauka au lenye rangi ya shaba, lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa pamba mwenye nalo hasikii, lazima lichunguzwe ukoma. Bakteria wake, Mycobacterium leprae, aligunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Ukoma unapona kwa mchanganyiko wa dawa wa miezi sita au kumi na miwili, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likizitoa bure tangu 1995. Unaolemaza ni ule uliochelewa kutajwa jina, ukaitwa fangasi miaka miwili.

Kisukari nacho huleta ganzi. Mishipa ya fahamu ya miguu huharibika polepole, hali iitwayo nyuropathi, na mtu anaweza kutembea na msumari kiatuni kutwa nzima asijue. Kliniki hupima kwa uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Asiyeusikia yuko hatarini. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila siku, kwa kioo au kwa kusaidiwa, aingize mkono kiatuni kabla ya kuvaa, apime maji ya moto kwa kiwiko na si kwa mguu. Asijikate sugu, na asitumie vibandiko vya sugu vyenye asidi ya salisili, kwa sababu asidi hiyo haitofautishi sugu na nyama. Hata mpasuko mdogo wa fangasi kati ya vidole, kwake ni mlango wa bakteria.

Mwisho, mstari mweusi kwenye ukucha. Kwa watu weusi mistari ya hivyo ni ya kawaida, mara nyingi kwenye kucha kadhaa, na haina neno. Damu iliyovilia baada ya kujigonga husogea mbele kadiri ukucha unavyoota. Lakini mstari mmoja, unaopanuka, usiosogea, ulioanza kupaka weusi hata kwenye ngozi ya shina la ukucha, unaweza kuwa melanoma, saratani ya seli za rangi. Kwa ngozi nyeusi, saratani hii hupenda nyayo, viganja na kucha. Bob Marley aligundulika nayo chini ya ukucha wa mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Usipake kitu mahali hapo. Nenda kachukuliwe kipande kipimwe.

Siku ya kwenda kupimwa, ondoa rangi kwenye kucha, na ukiweza usipake krimu ya fangasi kwa wiki mbili kabla, maana huficha majibu ya darubini. Beba tyubu zote ulizowahi kutumia, hata tupu, hata zile unazoona aibu kuzitaja. Vua viatu vyote viwili hata kama unaumwa mguu mmoja. Karibuni kwa maswali. Wenye maswali ya faragha nitabaki hapa mbele baada ya kikao.